Mistari Inayopishana Ukutani mwa Silinda

Ishike bloku ya pikipiki iliyofunguliwa juu ya meza ya fundi pale Mtera, ielekeze kwenye mwanga, uchungulie ndani. Juu kabisa, upana wa kucha, kuna pete nyeusi ya masizi ambayo ringi haikuwahi kuifikia. Chini yake ukuta unang'aa, umelainika, hauna mchirizi hata mmoja. Chini zaidi, karibu na mdomo unaoingia kwenye krankesi, michirizi myembamba inayopishana kwa kukingamana bado ipo, mizima, vile ilivyotoka kiwandani. Kitu kimoja kina maandishi ya nyakati tatu, na maandishi ya katikati yamefutika.

Nakusudia kukisoma kitu hiki kama tunavyosoma shairi la kimapokeo, yaani kwa kuanza na fani. Sifanyi mzaha. Kila alichokusudia aliyebuni silinda, mgandamizo, ulainishaji, umri wa injini, amekiweka katika mambo manne yanayopimika: upana wa tundu, uviringo wake, unyoofu wake kutoka juu hadi chini, na namna ukuta ulivyokwaruzwa. Nje ya hayo hakuna kitu. Wahakiki wa fasihi tunaweza kubishana mwaka mzima kama fani hutengana na maudhui, lakini fundi hana anasa hiyo, kwa kuwa mwenye pikipiki anasubiri.

Mtera inafaa kwa usomaji wa namna hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni vumbi. Barabara kuu ya Dodoma na Iringa ina lami sasa, ila bodaboda haziishi kwenye lami. Zinashuka njia za mifugo, zinafuata samaki ukingoni mwa bwawa, zinapita vichaka vya miiba ambako kiangazi udongo husagika ukawa unga. Udongo huo umetokana na miamba ya matale, na ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Chujio la hewa likitoboka, au likiondolewa kabisa na mtu anayesema injini ipate kupumua, chembe hizo huingia kwa juu pamoja na hewa, hujichanganya na oili, na huanza kazi ya kufuta.

Ya pili ni kwamba Mtera nzima inaishi kwa kipimo chenye mipaka. Bwawa lililozuia Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, huhesabiwa limejaa maji yakifika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na yakishuka hadi mita 690 mitambo yake ya megawati 80 hufika mwisho wa maji inayoruhusiwa kuyatumia. Miaka ya mgao mkubwa, kama 2006, kina cha Mtera kilikuwa habari ya nchi nzima. Basi mtu wa hapa hahitaji kufundishwa kwamba kitu kinaweza kuonekana kimejaa kwa macho na huku kwa namba kimekwisha. Bwawa lina mita nane na nusu za kuchezea. Silinda ya pikipiki, kutoka upya hadi kikomo, ina takriban sehemu moja ya kumi ya milimita.

Injini iliyo mezani ni ya ukoo wa CG125, ambayo Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 na viwanda vya China vikainakili kwa majina tunayoyafahamu, SanLG na Fekon yakiwemo. Tundu lake ni milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5. Kwa nje bloku ni alumini yenye mapezi ya kupoza, kwa ndani imevikwa slivu ya chuma cha kusubu. Hapo msomaji mwenye haraka hujikwaa. Anashika alumini, anaona alumini, anadhani ukuta anaousoma ni alumini, kumbe ringi haijawahi kuigusa alumini hata siku moja. Nitafika kwenye kuta za alumini tupu, ambazo zina kanuni yao na karibu kila jambo lao limepinduliwa. Lakini huwezi kuelewa kupinduliwa kwa kanuni kabla ya kuijua kanuni.

Kipimo cha silinda hakiwi namba moja. Anayekuambia silinda yako ni hamsini na sita nukta sita, akanyamaza, hajapima, ametaja tu. Kipimo ni jedwali la namba sita. Kuna ngazi tatu: juu, chini kidogo ya pale ringi ya kwanza inapogeukia, kisha katikati, kisha chini. Kila ngazi hupimwa pande mbili, mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Mishororo mitatu, kila mmoja na ukwapi wake na utao wake. Tuchukue namba za mfano. Juu: 56.58 na 56.55. Katikati: 56.55 na 56.53. Chini: 56.52 na 56.51.

Lisome kwa kushuka. Ukwapi unaanza 56.58 na kuishia 56.52, tundu limepanuka juu kuliko chini kwa mia sita za milimita, yaani 0.06. Hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Pistoni ikifika juu husimama kwa nukta moja kabla ya kurudi, na inaposimama utando wa oili unaokaa kati ya ringi na ukuta hukatika, kwa sababu utando huo huundwa na mwendo. Wakati huohuo mlipuko unapita nyuma ya ringi na kuikandamiza ukutani kwa nguvu zote. Na vumbi linaingilia hukohuko juu. Mambo matatu yanakutana kwenye ukanda mwembamba mmoja, ndiyo sababu ukanda huo huliwa kwanza.

Sasa lisome kwa kukata. Juu, mbele na nyuma ni 56.58, kushoto na kulia ni 56.55. Tundu si duara tena. Konrodi haisukumwi wima, inalala upande pistoni inaposhuka na mlipuko, kwa hiyo pistoni huegemea ukuta wa upande mmoja. Kwa pikipiki ambayo kranki yake imelala kushoto na kulia, upande huo ni wa mbele na nyuma. Tofauti ile ya mia tatu za milimita ni kumbukumbu ya mizigo yote iliyopandishwa mlima, na mishikaki ya abiria watatu. Chini tofauti inabaki mia moja tu, maana nguvu ya mlipuko imeshapungua.

Ninachokipenda katika jedwali hili ni kwamba linaweza kumshtaki hata fundi aliyetangulia. Ukikuta katikati ni pana kuliko juu na chini, pistoni haina hatia, kwani uchakavu wa kazi hauna umbo la pipa. Mtu aliinoa silinda na mkono wake ukazoea kukaa katikati. Ukikuta ncha zote mbili zimefunguka na katikati pamebana, mtu huyo aliyatoa mawe nje ya tundu kupita kiasi kila aliposhuka na kupanda. Kasoro za mkono zina sahihi yake na kasoro za kazi zina yake, na msomaji wa namba sita anazitofautisha bila kumuona mtu.

Kifaa chenyewe, dayal geji ya silinda, nitakipitia haraka. Kinaingizwa, kinayumbishwa mbele na nyuma, mshale unakwenda na kurudi, na namba ya kuandikwa ni ile ndogo kuliko zote. Kifaa kilichoinama hupima mstari wa mshazari, na mshazari daima ni mrefu kuliko kipenyo. Anayekijua kifaa hiki huandika namba ndogo, mwenye haraka huandika namba ya kwanza.

Joto lakini halipitiwi haraka, hasa mchana wa Oktoba mahali kama Mtera. Tangu 1931 mataifa yalikubaliana kwamba vipimo vya urefu katika ufundi vitajwe kwa nyuzijoto 20. Nyuzi 20 hapa ni za alfajiri. Alumini hutanuka takriban mikroni 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, karibu mara mbili ya chuma. Tundu la alumini la milimita 56.5 likiachwa juani hadi nyuzi 50 huwa limeongezeka milimita 0.039 kuliko lilivyo kwenye nyuzi 20. Nafasi nzima inayoachiwa pistoni mpya katika injini kama hii haizidi sehemu chache za mia za milimita. Maana yake, jua peke yake linaweza kukuandikia pistoni iliyochakaa wakati pistoni ni mpya. Slivu ya chuma inaupunguza uongo huo, haiufuti. Njia ya kuuondoa haina gharama: bloku na dayal geji vilale pamoja kivulini usiku kucha, vipimwe asubuhi kabla ya chai.

Lakini dayal geji yenyewe iko wapi? Meza nyingi za barabarani hazina. Nilimuuliza fundi mmoja anapimaje bila kifaa hicho. Akachukua ringi ya zamani na fila geji. "Mzee, ringi yenyewe ndiyo rula," akasema, akaisukuma ringi ndani ya tundu kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, akapima pengo la ncha zake mbili.

Hii ni mbinu nzuri kuliko inavyoonekana, na inastahili kusomwa kwa makini. Ringi ni mduara uliokatwa. Tundu likipanuka kwa kiasi fulani, mzunguko wake huongezeka kwa kiasi hicho mara 3.14, na ongezeko lote la mzunguko huangukia kwenye lile pengo moja. Ringi basi ni kikuza sauti. Katika jedwali letu la mfano, wastani wa juu ni 56.565 na wastani wa chini ni 56.515, tofauti ya mia tano za milimita ambayo hakuna kidole kitakachoihisi. Ringi ileile ikiwekwa chini ikatoa pengo la 0.20, juu itatoa karibu 0.36. Gawa ile 0.16 kwa 3.14, umepata mia tano zako. Fila geji ya bei ya chakula cha mchana imesoma kitu ambacho wengi wanadhani kinahitaji karakana.

Hata hivyo kila fani ina upofu wake, na huu ndio wa ringi: inajua mzunguko, haijui umbo. Ukwapi na utao vimemezwa vikawa namba moja. Tundu la yai na tundu la duara lenye mzunguko sawa hutoa pengo lilelile. Fundi wa ringi atakuambia kweli tupu kuhusu unyoofu na hatakuambia neno kuhusu uviringo. Akishajua hivyo, hana kosa. Kosa ni kufunga injini akidhani amesoma jedwali zima.

Tuje kwenye mikwaruzo, ambako fani imejaa zaidi. Silinda ikishachongwa kwa mashine, Dodoma mjini au Iringa, ili ipokee pistoni ya ova saizi, huachiwa mia chache za milimita zitakazoondolewa kwa kunoa. Kinoleo cha kawaida kina miguu mitatu yenye mawe na springi, kinafungwa kwenye drili, kinazunguka huku mkono ukishuka na kupanda. Mistari miwili ya mshazari inazaliwa hapo, mmoja wakati wa kushuka, mmoja wakati wa kupanda, na inapokatana hutoa pembe. Wengi hulenga kati ya nyuzi 40 na 60. Pembe hiyo haiamuliwi na jiwe. Inaamuliwa na uwiano wa mwendo wa kuzunguka na mwendo wa kushuka na kupanda, kama mizani ya mshororo inavyoamuliwa na hesabu wala si na uzuri wa neno lolote ndani yake.

Kwa sababu hiyo pembe inasomeka kinyumenyume. Mzingo wa tundu la 56.5 ni milimita 177.5. Drili ya kawaida ya kuchomeka ukutani ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, jiwe linasafiri karibu mita 497 kwa dakika kuzunguka ukuta. Mkono unaoshuka na kupanda mara moja kila sekunde, milimita 80 kwenda na 80 kurudi, unasafiri mita 9.6 kwa dakika. Pembe inayotoka ni nyuzi mbili na ushei. Hiyo si mistari inayopishana, ni pete zilizolala. Punguza drili hadi mizunguko 150, mkono uleule kwa mwendo uleule unatoa karibu nyuzi 40. Kwa hiyo ukiona bloku iliyonolewa jana na mistari yake imelala bapa, huna haja ya kumuuliza aliyeinoa ametumia nini. Ameibana drili mpaka mwisho, mkono ukachelewa.

Pete zilizolala zinashika oili nyingi mno, na ringi inazipita ikirukaruka badala ya kuteleza. Mistari iliyosimama sana inaiachia oili ishuke upesi na kuiacha ringi kavu pale juu inapoihitaji. Mibaya kuliko yote ni ile inayopigwa kwa msasa uliokunjwa kidoleni, juu chini, juu chini, mpaka ukuta ukapoteza mng'ao. Mwenye pikipiki huridhika, maana anaona kazi imefanyika. Lakini mkwaruzo wa wima ni mfereji ulio wazi kutoka chumba cha mlipuko hadi kwenye oili. Gesi inashuka nao, oili inapanda nao. Heri ukuta uliong'aa ukaachwa uking'aa.

Kuna dai moja linalorudiwa gereji nyingi ambalo sikubaliani nalo, kwamba kunoa kunarekebisha silinda. Kinoleo cha springi hakirekebishi umbo. Miguu yake inajitanua palipo papana na kujibana palipo pembamba, inafuata ukuta ulivyo. Silinda ya yai ikinolewa hivyo inabaki yai, safari hii lenye mistari mizuri. Wanaoishia hapo ni wasanifu wa mapambo ya nje, wanaotia vina vipya juu ya ubeti uliovunjika mizani. Umbo hurudishwa na mashine ya kuchonga, au na kinoleo kigumu ambacho mawe yake yamefungwa yasiyumbe. Anayeruka hatua hiyo amepamba.

Na mistari ikishakatwa vizuri haijakamilika. Jiwe huacha vilele vikali pembeni mwa kila mfereji. Viwanda vingi huvipunguza kwa jiwe laini zaidi ili juu pawe bapa na mifereji ibaki chini ikishika oili. Fundi wa barabarani asiye na jiwe la pili huiachia ringi kazi hiyo. Hapa ndipo ninapoona silinda ya chuma inatofautiana na kazi nyingi za sanaa tunazozihakiki: mwandishi ameiacha kwa makusudi haijaisha, na anayeisoma kwa kuipitia, ringi, ndiye anayeimalizia. Ringi nayo inabadilika kwa kusoma. Uso wake unalika ukafanana na ukuta ule, na ukiihamishia kwenye ukuta mwingine haifai tena.

Sasa geuza yote hayo.

Kuna injini ambazo hazina slivu kabisa, ringi inatembea juu ya alumini yenyewe. Chevrolet Vega ya Marekani, iliyoingia sokoni 1970, ilikuwa na bloku ya alumini iliyochanganywa na silikoni asilimia 17. Porsche waliufuata mkondo huo kwa 928 mwaka 1977, kisha Mercedes-Benz na BMW kwa baadhi ya injini zao. Magari ya makampuni haya mawili ya mwisho yanaonekana barabara za Dodoma, zaidi tangu serikali ilipohamia huko, kwa hiyo habari hii si ya mbali.

Alumini ni laini. Ukiikwaruza kwa mawe ukaacha mistari inayopishana, umeandika kwenye kitu ambacho ringi itakifuta kwa siku chache, na chembe za jiwe zitajichomeka ndani yake na kubaki humo zikila pistoni. Kinachobeba ringi katika kuta hizo ni punje za silikoni zilizotawanyika ndani ya alumini, ngumu kupita chuma cha kusubu. Kazi ya fundi ni kuiondoa alumini iliyo juu na pembeni mwa punje mpaka punje zitokeze, kwa kimo cha mikroni moja hivi, na oili ikae katika mabonde yaliyobaki. Anayeijua Dodoma ameshaliona umbo hili kwa ukubwa: majabali yale yaliyosimama katikati ya tambarare hayakuinuliwa na mtu, udongo uliokuwa umeyazunguka ndio uliochukuliwa.

Katika chuma fundi huandika kwa kukata mfereji. Katika alumini yenye silikoni huandika kwa kuondoa karatasi mpaka herufi zibaki zimesimama. Vega iliifanya kazi hiyo kiwandani kwa kemia na umeme, baada ya kunoa. Karakana za leo hutumia mawe laini, kisha pedi za manyoya yaliyoshindiliwa zenye uji mzito wa unga wa silikoni, zinazokula alumini na kuziacha punje. Kanuni ya pembe haina kazi hapo. Fundi hodari wa chuma, mwenye mkono uliozoea nyuzi 45, akiingiza kinoleo chake cha miguu mitatu katika silinda ya namna hii atazivunja punje vichwa, na ustadi wake wote ndio utakaoiua injini. Sijui mfano mzuri zaidi wa kanuni iliyo sahihi kwenye bahari moja ya ushairi na haramu kwenye nyingine.

Ukuta wa tatu ni ule uliopakwa utando wa nikeli wenye chembe za kabidi ya silikoni. Kampuni ya Mahle ya Ujerumani iliubuni 1967, na unapatikana kwenye silinda nyingi za misumeno ya moto ya kukatia miti. Utando una sehemu ndogo tu ya milimita, na mawe ya kawaida yanaukwangua bila kuukata, almasi ndiyo inayouweza. Ukishatoboka, mazungumzo ya ova saizi yamekwisha. Silinda inatupwa au inapelekwa kupakwa upya, huduma ambayo mtu wa Mtera hataipata karibu.

Vega iliharibu sifa ya ukuta wa alumini kwa miaka mingi, na nadhani hukumu ile haikuwa ya haki. Injini zile zilikuwa zikichemka, na sili za vali zao zikiachia oili ipite, lakini moshi ulipoonekana lawama ilikwenda kwenye ukuta, kwa kuwa ukuta ndio ulikuwa mgeni. Ukuta uleule, ukipozwa vizuri, uliwatumikia Wajerumani muda mrefu. Na kuna kejeli moja ambayo mkazi wa nyanda za kati ana haki ya kuicheka: mchanga unaomaliza silinda za chuma za bodaboda zetu ni silikoni iliyoungana na oksijeni, na punje zinazoilinda silinda ya alumini ni silikoni hiyohiyo ikiwa peke yake.

Gari ambalo fundi wa Mtera atakutana nalo zaidi ni Toyota IST. Bloku yake ni alumini na ndani ina slivu nyembamba za chuma zilizosubiwa humohumo, tundu la milimita 75. Ni fani ya kati: ukuta unasomwa kwa kanuni ya chuma, mistari inayopishana na yote, ila unene wa slivu ni mdogo kiasi kwamba mtengenezaji hakuacha nafasi ya kuchonga ova saizi. Ukipita kikomo, kitabu kinasema badili bloku. Tena sehemu ya juu ya bloku hiyo iko wazi, maji yanazizunguka silinda bila paa linalozishika, kwa hiyo boliti za silinda hedi zikikazwa tundu hubadilika umbo. Karakana makini hufunga bamba nene la chuma mahali pa hedi, hulikaza kwa nguvu ileile, ndipo hunoa, ili duara lipatikane injini ikiwa imefungwa. Duara linalopimwa bloku ikiwa uchi mezani ni la muda. Kwa kawaida watu hawafiki huko. Wanaagiza injini ya mtumba kutoka Ilala na jedwali halijazwi kamwe.

Kwenye bodaboda fani hii inakufa kwa njia nyingine. Bloku mpya, pistoni, ringi na gasketi vinauzwa pamoja kwenye boksi moja, na bei yake mara nyingi inashindana na nauli ya kwenda mjini kuchonga pamoja na gharama ya kuchonga kwenyewe. Siwezi kumlaumu anayenunua boksi. Ninachokipinga ni kufunga yaliyomo bila kuyapima, kana kwamba upya ni kipimo. Ringi ya kwenye boksi nayo ina pengo, na fila geji ileile inalisoma kwa dakika moja. Pengo likiwa dogo mno, ncha zitagusana injini ikipata moto, na ukuta mpya utachanika kabla ya wiki kuisha.

Baada ya kunoa, bloku ioshwe kwa maji ya moto na sabuni kwa brashi, mpaka kitambaa cheupe kikipita ndani kitoke cheupe. Petroli inaondoa oili na kuziacha chembe za jiwe zimekaa mferejini. Kisha ipakwe oili palepale, chuma kilichooshwa hushika kutu ndani ya saa moja.

Kisha kuna safari ya kwanza, ambayo ni sehemu ya kazi ingawa watu huihesabu kuwa nje yake. Ringi hukata vilele vya mistari ile kwa sababu gesi inaikandamiza kutoka nyuma, na gesi ina nguvu injini inapobeba. Mtera iko chini, karibu mita 700, na Dodoma mjini iko juu ya mita 1,100. Kati yao kuna mlima wa Fufu. Bodaboda iliyofungwa leo, ikipandishwa mlima ule bila abiria, gia ya kati, mafuta yakiongezwa na kupunguzwa, injini ikiachwa ipoe kileleni, hupata mashinikizo ambayo ukuta uliandikiwa. Ile inayowashwa na kuachwa ikinguruma kivulini kutwa nzima kwa jina la kuizoeza haipati. Ringi zinaelea juu ya oili, oili inaungua kidogokidogo na kuganda ndani ya mifereji, na kufikia jioni mistari imezibwa kabla ya kusomwa, injini inavuta oili, na mwenye pikipiki anarudi kudai kwamba pistoni ilikuwa feki.